Sebuleni Inapokea

Tangu wiki iliyopita wasomaji wawili wamenitumia ujumbe. Mmoja ameandika kwamba mtu kama mimi hafai kushika hata kamera ya kuchezea. Mwingine, mama mtu mzima ukimsoma, ameuliza swali moja tu: je, mke wako anasoma gazeti hili? Anasoma, mama. Ndiyo maana naandika.

Kwa aliyenikuta leo, madhambi yangu ni haya. Mimi ni mpiga video wa harusi. Mdogo wa mke wangu alipoolewa, nilitangaza kwamba hakuna mwingine atakayesimamia video hiyo ila mimi. Nikapiga kutwa nzima. Kesho yake nikaitwa haraka kurekodi mkutano wa kampuni, kadi za kamera zimejaa, nami nikazifuta nikiamini nimeshazihamishia kwenye kompyuta. Sikuwa nimezihamisha.

Ingeishia hapo ningeiita bahati mbaya. Lakini wiki chache baadaye baba mkwe akatutoka. Alikuwa mtu wa kukimbia kamera, ukimlenga anageuza uso. Siku ile ya harusi tu ndipo aliposimama, akashika kipaza sauti, akamuusia binti yake mbele ya ukumbi mzima. Sauti yake haikubaki popote pengine.

Familia ikaanza kuniuliza video iko wapi. Nikasema nahariri. Baadaye nikasema kompyuta inasumbua. Mwisho nikasema mtandao.

Ningeweza kusema ukweli. Najua. Nawaona mnavyotikisa vichwa.

Aliyekuja kuniokoa ni Jicho, mpiga video wa kamera ya pili, yule niliyemfokea mbele ya wageni siku hiyohiyo ya harusi. Alikwisha kuhama nchi na alikuwa hataki hata kulisikia jina langu. Wiki iliyopita niliwasimulia nilivyomwangukia kwenye simu mpaka akalainika. Nakala yake ilikuwepo, kamili. Akakubali kunitumia kwa ile programu ya kugawana mafaili, ambayo hulikata faili vipandevipande, na kila kompyuta iliyomo ikampa mwenzake kipande ilicho nacho.

Mimi kwa kujipendekeza nikaiingiza na kompyuta ya nyumbani kwa mama mkwe. Nikaiita Sebuleni, kwa kuwa ndipo ilipo. Nilitaka video ikinifikia mimi imfikie na yeye, aseme nina mkwe wa maana.

Kumbe nilikuwa najichimbia shimo, tena kwa koleo langu mwenyewe.

* * *

Jumamosi moja, wiki kadhaa tangu video ianze kushuka, shemeji yangu, bibi harusi mwenyewe, aliingia chumba changu cha kazi kabla ya chakula cha mchana, akaning'iniza mkoba kwenye mguu wa taa ya studio, akavuta kigoda.

"Leo sitoki hapa," akasema.

"Karibu. Kuna nini?"

"Kuna aibu, shemeji. Mimi kutwa nzima niko kwenye simu natengenezea watu mtandao kwa mdomo tu, watu nisiowajua. Halafu harusi yangu mwenyewe inatambaa kwenye kompyuta ya shemeji yangu? Wenzangu kazini wakisikia watanicheka."

"Usijisumbue. Ni laini ya mtaa huu, mbovu tangu zamani."

Akabadilisha sauti, akaweka ile ya kazini, laini na isiyochoka. "Mpendwa mteja, je, umejaribu kuzima na kuwasha?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Mimi nikacheka pia. Miezi yote nilisingizia mtandao ukiwa mzima. Sasa ulikuwa mgonjwa kweli. Video ilikuwa asilimia sitini na moja tangu asubuhi ya jana, haipandi. Nilipolalamika safari hii nilikuwa nasema ukweli mtupu, na bado nilijisikia nadanganya.

"Haya, tuanze," akasema shemeji.

Akazima ruta, akaiwasha. Taa zikapepesa, zikatulia. Asilimia sitini na moja.

"Unatumia waifai? Kompyuta iko hatua mbili kutoka kwenye ruta na unatumia waifai? Mpendwa mteja!"

Akachomeka waya. Kasi ikapanda kidogo, kisha ikalala tena.

"Nani mwingine anatumia laini hii?"

"Hakuna," nikasema.

Mke wangu akakikunjakunja kile kitambaa. "Yupo mama mshonaji, jirani. Alikuja kuomba neno la siri, nikashindwa kumnyima. Anaangalia mitindo tu."

"Dada! Mitindo ni video!"

Shemeji akabadilisha neno la siri palepale. Haukupita muda tukasikia sauti ya mama mshonaji dirishani: "Jamani, na huko kwenu mtandao umekatika?"

"Umekatika, mama!" akajibu mke wangu. Halafu akaona haya, akajifunika uso kwa kile kitambaa. "Mungu anisamehe, nimemdanganya mtu mzima mchana kweupe."

Nikageuza uso. Mwenzangu anaona haya kwa kijiuongo cha dirishani, na mimi nimelala naye kitanda kimoja na uongo wangu miezi yote hiyo.

"Bado," akasema shemeji. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Hapa pana kitu. Shemeji, mbona unatuma kuliko unavyopokea?"

"Natuma nini?"

"Ndiyo nakuuliza. Ona huu mshale wa kushuka, hauna kitu. Ona huu wa kupanda, umejaa. Mlango ni mmoja. Mizigo ikiwa inatoka mfululizo, wa kuingia atapita wapi? Hapa wala si mtaa mbovu. Ni kompyuta yako inamwaga vitu nje usiku na mchana."

Nikainama. Chini ya orodha, kwa herufi ndogo, palikuwa na mistari miwili.

Kinachotumwa: KAZI.

Anayepokea: Sebuleni.



* * *

Niwaeleze kosa lenyewe, maana hata leo nikilikumbuka nauma kidole. Unapoanza, programu ile hukuuliza: chagua folda ya kushirikisha. Nilitakiwa kuchagua folda ndogo tu inayoitwa Harusi. Mimi, kwa uvivu wa kushuka chini kuitafuta, nikachagua folda kubwa inayoibeba. Nayo ndiyo KAZI. Ndani yake mna harusi zote nilizowahi kupiga, za watu wote, na mafungu ya takataka za simu yangu ninazohamishia humo simu ikijaa.

Na katika hizo takataka mna folda inaitwa Sauti.

Sauti ni mazungumzo yangu na Jicho. Tulikuwa hatupigiani, tunarushiana sauti. Mle ndani nalia, naomba, nakiri kila kitu: nimefuta, ndugu yangu, nimefuta harusi yote, usimwambie mtu, mzee mwenyewe ameshakufa.

Hayo yangekuwa na nafuu. Lipo lingine. Jicho aliniuliza, "Na mkeo je, hajagutuka?" Nikamjibu huku nacheka, nakumbuka kabisa nilivyocheka: "Mke wangu si tatizo. Yule ukimwambia jua limechomoza upande wa huku anaamini. Wa kuogopa ni mama yake."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu. Juu ya mwanamke aliyekuwa akinisimamia kwa ndugu zake, akiwaambia mume wangu hajalala kwa ajili ya video hiyo.

Shemeji akanyoosha kidole kwenye kipanya. "Ngoja tufungue hii KAZI tuone kinachoenda ni nini."

"Usiguse!"

Nilipiga kelele mpaka mke wangu akashtuka. Shemeji akainua mikono juu.

"Ni harusi za wateja," nikasema. "Ni faragha yao. Siwezi kuruhusu mtu atazame."

Faragha! Neno hilo sikuwahi kulitamka maishani. Lakini shemeji alilikubali, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, na heshima hiyo iliniuma kuliko matusi.

"Sawa kabisa, shemeji. Basi wewe mwenyewe izuie. Hapo kwenye jina la anayepokea, bonyeza 'sitisha'. Utaona maajabu."

"Njooni mle kwanza," akaita mke wangu kutoka jikoni.

"Tangulieni, nakuja."

Walipotoka nikabonyeza. Sebuleni: imesitishwa.

Nikajiambia huenda hawajafungua. Mama mkwe ni mpiga chapa mstaafu, kompyuta haimtishi, lakini atafungua folda za kazi yangu kwa sababu gani? Huenda hata hajui zipo. Nikajipa moyo namna hiyo, na moyo nao ukakubali upesi, maana umezoea.

Halafu mshale wa kushuka ukanenepa.

Sitini na tano. Sabini na mbili. Nikapiga yowe. Shemeji akarudi mbio na sahani mkononi, mke wangu nyuma yake.

"Nilikwambia!" akasema shemeji. "Mlango mmoja!"

Tulisimama mbele ya kioo kama watu wanaotazama penalti. Themanini. Themanini na tisa. Video ilikuwa imegawanywa mafaili sita. La kwanza likakamilika, shemeji akashindwa kuvumilia, akalifungua.

Akajiona. Amekaa kwenye kiti, anafungwa shela na dada yake, wote wawili wanacheka jambo lisilosikika vizuri. Kisha mbele ya kamera likapita bega. Bega tu, la koti la kahawia, na sehemu ya sikio.

"Rudisha," akasema mke wangu.

Shemeji akarudisha nyuma.

"Baba," akasema mke wangu. Akakaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. "Rudisha tena."

Walilirudisha bega lile sijui mara ngapi. Mimi nilikuwa nyuma yao nimeshika mguu wa taa. Nilikuwa nimefuta bega lile. Kama si mtu niliyemdhalilisha mbele za watu kuwa na roho nzuri kuliko yangu, lingekuwa halipo tena duniani.

"Hotuba iko kwenye faili gani?" akauliza shemeji.

"La sita. La mwisho."

Tukatazama. Mafaili matano yamekamilika. La sita limesimama. Jumla, asilimia tisini na nne.

Tukasubiri. Tisini na nne. Sahani ya shemeji ikapoa juu ya kabati.

Jina la Jicho lilikuwa limetoweka kwenye kioo.

* * *

Nilimpigia nikiwa koridoni, mlango nimeurudisha.

"Jicho, umezima?"

"Nimeuza, bosi."

"Umeuza nini?"

"Kompyuta. Mnunuzi yuko hapa mlangoni, nimemsubirisha tangu asubuhi kwa ajili yako. Programu ikaniandikia: nakala kamili iko nje. Nikajua mambo yamekwisha, nikafuta diski."

"Umefuta?" "Umefuta vipi wakati mimi sijamaliza? Faili la hotuba halijafika!"

"Bosi, tulia. Nakala kamili iko nje maana yake hakuna kipande kilichobaki kwangu peke yangu. Vingine viko kwako, ambavyo huna viko Sebuleni. Si ulisema ni nyumbani kwa mkweo? Chukua kwake. Mtagawana wenyewe."

"Ungeniuliza kwanza!"

"Sasa nimuuzie mtu kompyuta na harusi ya watu ndani? Halafu bosi, wewe wa kunisema mimi kuhusu kufuta?"

Akakata.

Nikarudi chumbani. Mke wangu na mdogo wake wakanitazama kwa macho yale ya kumsubiri daktari atoke.

"Vipande vilivyobaki viko kwa mama," nikasema. "Kwenye kompyuta ya sebuleni."

"Basi ifungulie!" akasema shemeji. "Si umeisitisha tu? Bonyeza."

Mnauona mtego nilioingia? Kuipata sauti ya baba mkwe, lazima niifungulie Sebuleni. Nikiifungulia, mlango ni uleule, na Sauti yangu iko njiani.

Nikasema nataka kupanga mafaili kwanza. Nikawapa mgongo, nikakikinga kioo kwa mabega. Nikaitafuta folda ya Sauti, nikaifuta. Yote. Programu ikaniuliza: ukifuta hapa itafutika na kwa wengine wote, una uhakika?

Nilikuwa na uhakika. Nikafurahi hata. Nikaona huu ndio ujanja wenyewe, nafuta huku na kule inafutika, na kama kuna mtu alikuwa hajafungua basi hatafungua tena milele.

Kisha nikabonyeza jina la Sebuleni. Likawaka kijani.

Tisini na tano.

"Inakuja!" Shemeji akanishika bega. "Shemeji, wewe ni mtu na nusu."

Tisini na sita.

Jina la Sebuleni likazimika.

Nikabonyeza. Likabaki kijivu. Nikabonyeza tena na tena. Shemeji akampigia mama yake, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Labda umeme umekatika kwake," akasema mke wangu.

"Mtaa wa nyuma tu hapo, dada. Ukikatika kwake unakatika na kwetu."

Hatukuwa tumemaliza kubishana tulipomsikia mama mkwe mwenyewe akibisha hodi.

* * *

Alikuwa amevaa viatu vya nyumbani, na hilo peke yake lilinitosha. Mama mkwe hatoki nje na viatu vya nyumbani. Alisalimia, akapokelewa, akakaa kwenye kiti anachokaliaga kila Jumamosi, akaweka mkoba wake mapajani.

Kila Jumamosi alikuwa akija. Kila Jumamosi ananiuliza, "Imefika wapi, mwanangu?" Nami namjibu, "Mtandao, mama." Naye anasema, "Aha. Mtandao." Halafu anakaa kimya ananitazama, muda mrefu, mpaka najifanya nafuta vumbi kwenye kamera. Nilidhani ni ukiwa wa mjane.

"Mama, kompyuta yako imezimika," akasema shemeji. "Tulikuwa tumebakiza kidogo tu!"

"Haikuzimika. Nimeizima."

Akafungua mkoba. Akatoa waya mweusi wa umeme, ameukunja vizuri na kuufunga kwa uzi. Akauweka mezani, kati ya lenzi zangu.

"Mama?" akasema mke wangu.

"Kompyuta yangu imejaa harusi za watu nisiowajua," akasema mama mkwe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeongea habari za sokoni. "Siku moja nikaona humo folda inaitwa Sauti. Nikasema labda ni sauti za siku ile, nitamsikia baba yenu. Nikafungua. Sikumsikia baba yenu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ilibaki nzima.

"Sikusema. Nikajiambia huyu ni mwanangu, Jumamosi atasema mwenyewe. Nikaja. Hakusema. Nikaja tena. Nikawa nakuja tu." Akanigeukia. "Leo nimekaa mbele ya kompyuta, naona zile sauti zinapotea moja baada ya nyingine, hadi folda yenyewe. Nikajua ameshagundua. Nikaweka simu mapajani nikasubiri anipigie. Hukupiga, mwanangu. Ulikuwa unafuta mara ya pili."

"Nani akupigie? Sauti gani?" Mke wangu alikuwa amesimama. "Kuna nini hapa?"

Akanigeukia mimi. "Ni mwanamke?"

Na hapa ndipo nataka mnielewe nilivyooza. Kwa sekunde moja, niliona ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Hotuba ya mume wangu ilinifikia tangu juzi," akasema mama mkwe. "Nzima. Sijaifungua. Siwezi kumtazama peke yangu, na siwezi kumtazama pamoja na mtu anayenidanganya. Waya wangu ndio huo. Utarudi mahali pake mtu mmoja humu ndani akisema jambo kwa mdomo wake."

Nje, cherehani ya mama mshonaji ilikuwa inakwenda.

"Shemeji," nikasema. "Shemeji, video yako niliifuta mimi. Kesho yake ya harusi. Nilizifuta kadi nikaenda kufanya kazi nyingine. Sikuwa nahariri. Mtandao haukuwa na kosa. Hii inayoshuka ni ya Jicho."

Nilitegemea kelele. Shemeji hakupiga kelele. Alitazama kioo, mahali bega la baba yake lilipokuwa limesimamishwa, kisha akanitazama mimi, kana kwamba anatafuta ni wapi ameshawahi kuniona.

Mama mkwe akauchukua waya. Hakunipa mimi. Akamkabidhi binti yake.

"Harusi ni yako. Ukitaka kuuchomeka, nenda kauchomeke. Usipotaka, njoo nao."

Shemeji akatoka nao, mkoba wake ukabaki unaning'inia kwenye taa.

Tukabaki watatu. Mke wangu alikuwa hajakaa. Alipozungumza alizungumza polepole, na hakulia, na ningependa angelia.

"Nilikuwa nakutetea," akasema. "Kwa wajomba, kwa mashangazi. Nilikuwa nawaambia hujalala."

"Najua. Nisamehe."

"Kuna lingine?"

Mama mkwe akainua macho, akayaweka juu yangu. Yeye alisikiliza sauti zote. Alijua. Alinitazama vilevile kama zile Jumamosi, na sasa nilijua maana yake.

"Kuna lingine?" mke wangu akarudia. "Lolote. Niambie sasa hivi, mbele ya mama. Nitajua namna ya kulibeba."

Mlango ulikuwa wazi, msomaji. Alikuwa ameufungua kwa mikono yake miwili.

"Hakuna," nikasema. "Hilo tu."

Mama mkwe akafumba macho.

Tulikaa hivyo mpaka kwenye kioo jina la Sebuleni likawaka kijani. Nikashusha pumzi. Shemeji amechomeka. Nikasogea nione tisini na saba, tisini na nane, nione faili la sita likijaa, angalau nimpe mke wangu hotuba ya baba yake siku hiyohiyo.

Asilimia haikuongezeka. Lakini mshale wa kushuka ulikuwa umejaa hadi juu. Sijawahi kuuona hivyo tangu ninunue laini ile.

Nilisahau shemeji anafanya kazi gani. Nilisahau kwamba kilichofutwa kwenye kompyuta hulala kwanza kwenye pipa la taka, hata kule Sebuleni, na mtu anayejua huingiza mkono akakitoa. Hakuwa ameanza na hotuba. Alikuwa ameanza na kile nilichokifuta.

Kinachopokelewa: SAUTI.

Zilishuka zote kwa mara moja, mtandao unakimbia kama mpya. Nikanyoosha mkono kwenye kipanya. Mke wangu alikiwahi. Akavuta kigoda cha mdogo wake, akakaa mbele ya kioo, akaanza kuzisikiliza kutoka ile ya juu kabisa.